Alama Iliyopigwa Tupa

Wapendwa, kabla hamjakaa sawasawa, wenye magari nyosheni mikono. Naona mikono michache, na wawili tayari wameishusha wakidhani mchungaji anataka lifti ya kwenda nyumbani. Msiogope. Leo mimi ndiye nitakayewapa lifti, na ninawapeleka gereji.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, kule nyanda za juu, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara inageuka uji. Jina lake sitalitaja, maana mfano ukishapata jina nyinyi mnaacha kusikiliza, mnaanza kutafuta ukoo. Mume wake alikuwa dereva wa magari ya mashindano, enzi zile mashindano yakipita vijijini na watoto wa shule wakiachwa watoke darasani kushangilia kando ya barabara. Watu walimwita Bwana Tope, kwa sababu alipofika mwisho wa safari hukuweza kujua rangi ya gari wala sura ya dereva. Uliona meno tu.

Mwaka mmoja Bwana Tope alishinda mashindano makubwa, mashindano ambayo magari mengi yaliishia kuvutwa kwa matrekta. Na kanuni yake ilikuwa moja kali: injini unayoanza nayo ndiyo unayomaliza nayo, tena iwe vilevile ilivyotoka kiwandani, isiwe imefunguliwa na kutengenezwa ndani. Alipokea kombe, akabebwa mabegani, mji mzima ukaimba. Lakini mnatujua wanadamu. Hatujambo kumbeba mtu mabegani asubuhi, na jioni tukaanza kumchunguza. Minong'ono ikaanza: ati injini ilipasuka porini, akaifungua kichakani, akaitia kiraka, akaja kupokea kombe kama vile hakuna kitu. Nani aliona? Hakuna. Nani alisema? Watu. Mnamjua huyu Watu? Hana nyumba, hana namba ya simu, lakini habari zake zinafika kila jikoni.

Bwana Tope alijibu kwa maneno yaleyale mpaka anakufa. "Injini hii sijaifungua. Imetoka kiwandani hivi ilivyo." Mkewe aliyachukua maneno hayo, akamtetea nayo sokoni, kwenye vikao vya akina mama, hata kwenye mlango wa kanisa. Siku ya mazishi yenyewe, amekaa kwenye mkeka na khanga kichwani, akamsikia mtu kwenye foleni ya chakula akisema, "Basi, kaondoka na siri yake ya injini." Mtu ameshika sahani ya wali wa msibani, anamsengenya mwenye msiba! Neno lile lilimkaa mama yule kifuani, na aliazimia kwamba kabla na yeye hajafa, jina la mume wake litasafishwa.

Gari lilibaki bandani nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai. Mama alikuwa na kawaida ya kulifunua, kulipangusa vumbi na kuzungumza nalo kidogo. Mnacheka? Wewe uliyefiwa, hujawahi kuzungumza na koti lililobaki msumarini?

Basi siku moja ikaja habari njema. Chama cha watu wanaotunza magari ya zamani kilikuwa kinaandaa msafara utakaopita katikati ya mji ule, na walitaka gari la Bwana Tope litangulie mbele ya yote. Sharti lao likawa hili: mkaguzi wa chama aje kwanza, aitazame injini, aridhike kwamba ni ya kiwandani kweli. Mama akapiga vigelegele peke yake jikoni. Ndiyo hiyo nafasi! Mkaguzi akishasema mbele ya mji mzima kwamba injini ni halali, Watu atanyamaza.

Akamwita fundi, jirani yake, mtu mtaratibu asiyependa makuu. Injini ilikuwa imekamatana kwa kukaa muda mrefu, ikabidi itolewe yote na kufunguliwa. Fundi akawa anaiosha bloku, ule mwili mzito wa chuma ambao ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Anaiosha kwa mafuta ya taa na brashi, anapiga mluzi. Mama amekaa karibu yake kwenye kigoda, anamenya njegere. Mara mluzi ukakatika. Wenye magari mnajua, fundi akinyamaza ghafla, roho ya mwenye gari inapaa.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Njoo uone, mama. Silinda hizi nyingine zote ni chuma kilekile cha bloku. Hii moja imevalishwa bomba jingine la chuma kwa ndani, sisi tunaita slivu. Na huku nje ubavuni, ona, palikuwa na tundu, likazibwa kwa kipande cha chuma. Hapa pana kiraka."

"Kiraka?"

"Kiraka, mama. Tena aliyekitia alikuwa anajua kazi."

Grisi ilipozidi kutoka, pembeni mwa kiraka ikaonekana alama ndogo iliyogongwa kwenye chuma, kiduara chenye herufi mbili ndani yake. Fundi akaipapasa kwa kidole gumba. Akasema hajawahi kuiona alama kama ile, na hajui maana yake.

Mama hakuwa anasikia tena. Bakuli lilikuwa limemponyoka na njegere zimetapakaa kwenye mafuta ya taa. Kwa hiyo ilikuwa kweli. Kwa hiyo miaka yote ile aliwakaripia watu waliosema kweli, naye akatetea uongo. Aliuona uso wa mume wake akisema "sijaifungua", akajaribu kukumbuka kama macho yake yalicheza aliposema. Kwanza alipandwa na hasira, akatamani aende kaburini akagombane naye. Halafu hasira ikaisha, ikabaki huruma, maana alimpenda yule mtu. Alimkanda mgongo kila alipotoka safari, alimfulia matope yale kwa mikono yake. Akasema moyoni: hata kama alidanganya, ni wangu, na sitamwanika.

"Futa," akamwambia fundi.

"Nifute nini?"

"Hiyo alama. Piga tupa mpaka pawe laini, na hicho kiraka ukisawazishe mtu asione mshono. Halafu upake rangi."

"Mama, si tungeuliza kwanza? Mkaguzi ni mtu mzima, amezeeka na injini hizi. Tumpigie simu tu."

"Tumuulize?" mama akasema. "Fundi, tukiuliza si ndiyo tumeshatangaza?"

Fundi alichukua tupa kwenye sanduku la vyuma, akaiweka taratibu juu ya meza, akasema anakwenda kunawa mikono. Na alinawa muda mrefu sana. Kwa hiyo mama mwenyewe akashika tupa. Akasugua ile alama, chuma kikalia, vumbi la chuma likamwangukia kwenye khanga. Akasugua mpaka kiduara kikapotea na herufi zikapotea, akapaka rangi ya kijivu juu yake, akaketi akalia.

Ngojeni. Naona wengine mmeshaanza kumhukumu mama wa watu. Mmekunja uso. Je, wewe hujawahi kumfichia mtu unayempenda? Hujawahi kusema "hayupo" na yupo amelala chumbani na harufu ya pombe? Hujawahi kumwambia mgeni kwamba mtoto yuko chuo, na chuo kilishamfukuza? Huyu mama hakufanya kwa ubaya. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi yakiingiwa na hofu yanashika tupa.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa mzee wa Kihindi, Singasinga mwenye kilemba, mzaliwa wa huku huku, Kiswahili chake kinateleza kuliko cha wengi mlioko hapa. Aliwahi kuwa fundi wa timu za mashindano zamani. Akasalimia, akakataa chai kwanza, akasema chai ni baada ya kazi. Akavaa miwani, akawasha tochi, akaingiza kioo kidogo ndani ya silinda, moja baada ya nyingine. Mama amesimama mlangoni mwa banda, khanga ameishika kwa meno. Mzee akafika kwenye silinda ile yenye slivu. Akatazama. Akatazama tena. Halafu akafanya jambo ambalo mama hakulitarajia kabisa. Alicheka kwa furaha.

"Ahaa! Ipo!" akasema. "Mama, kumbe ipo!"

"Nini kipo, baba?" mama akauliza.

"Slivu! Nilikuwa naomba Mungu niikute. Unajua, mama, injini hizi zilitengenezwa ziwe nyepesi, ili gari likimbie. Chuma chake walikimwaga chembamba. Sasa chuma kikimwagwa kwenye kalibu, mara nyingine hewa inabaki ndani, kinatoka na matundu kama mkate. Bloku nyingi za mwaka ule zilitoka na matundu. Kiwanda hakikuzitupa. Wenyewe walizichimba pale penye tundu, wakavalisha slivu, wakaziba, wakazijaza maji kwa nguvu waone kama zinavuja, wakazipasha moto, wakazijaza tena. Bloku iliyotoka nzima ilipimwa mara moja ikapita. Iliyotiwa kiraka ilipimwa mpaka ikajuta. Marehemu alisema kweli, mama. Imetoka kiwandani hivi ilivyo. Kiraka hiki kilikuwemo kabla hajaligusa gari hili."

Mama akashika nguzo ya banda. Marehemu alisema kweli.

"Sasa," mzee akaendelea, anainama na tochi yake ubavuni mwa bloku, "imebaki nione alama tu. Aliyeipima aligonga alama yake hapa, kiduara na herufi mbili. Ndiyo sahihi ya kiwanda. Kiraka chenye alama ni cha kiwandani. Kiraka kisicho na alama ni cha mtaani, hata kiwe kizuri namna gani. Hiyo ndiyo kanuni yetu."

Akatafuta. Akapapasa. Akakwangua rangi kwa ukucha. Chini ya rangi chuma kiling'aa, kina mikwaruzo mipya. Kile kicheko chake kikazimika.

"Hapa pamepigwa tupa," akasema polepole. "Tena siku hizi hizi. Nani amefuta?"

Fundi akatazama viatu vyake. Na mama akaona njia za kutokea, kama unavyoziona wewe unapobanwa. Angeweza kusema ni marehemu, na marehemu hajibu. Angeweza kusema ni fundi, na fundi kwa upole wake angekubali. Au angesema ndivyo lilivyokuwa tangu zamani, yeye ni mwanamke, anajua nini na injini? Kusema kweli kulikuwa na maana moja tu: kukiri mbele ya watu kwamba yeye, aliyelala naye kitanda kimoja na kumtetea kila mahali, siku ya kupimwa hakumwamini.

"Ni mimi," akasema. "Nilidhani nimemfumania kwenye uongo. Nikataka kumsitiri."

Mzee yule akavua miwani. Akavuta kigoda, akaketi, kilemba chake kimeinama. Wapendwa, hakumkemea hata kidogo. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Pole sana, mama," akasema. "Alama ile ndiyo shahidi pekee aliyekuwa naye. Mimi naamini kabisa ilikuwepo. Lakini siandiki ninachoamini, naandika ninachokiona. Gari lako siwezi kulitanguliza. Litakuwa nyuma, pamoja na yale ambayo injini zake hazijulikani."

Halafu akaomba ile chai aliyoikataa, wakainywa wote watatu.

Siku ya msafara mji ulifurika. Magari yakapangwa uwanjani yakiwa yameoshwa mpaka unajiona sura, boneti zimefunguliwa watu watazame. Mbele kabisa lilisimama gari jekundu la bwana mmoja mwenye suti. La Bwana Tope lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na choo. Na Watu alikuwepo pia, hakukosa. "Si mnaona? Si tulisema?" Mama akayasikia. Angeweza kurudi nyumbani ajifungie. Lakini alipita katikati ya umati ule, akapanda jukwaani, akamwomba kipaza sauti kijana wa matangazo, na kijana akampa akidhani mama anataka kutangaza mtoto aliyepotea.

"Mimi ni mke wa Bwana Tope," akasema. "Mume wangu hakuwadanganya. Kiraka cha injini yake kilitiwa kiwandani, na kiwanda kiligonga alama yake hapo. Alama ile nimeifuta mimi kwa tupa, kwa mkono huu, kwa sababu niliona aibu bila kuuliza. Msiitafute kwenye chuma, haipo tena. Ushahidi wake uliobaki ni mimi. Anayetaka kumcheka mtu, anicheke mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama akashuka, akarudi nyuma kwenye gari lake. Alipofika akamkuta mtu amesimama pale anamngoja, na alikuwa yule bwana mwenye suti, mwenye gari jekundu la mbele.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo alama uliyosema. Ni kiduara na herufi mbili?"

"Ndiyo, baba."

"Ubavuni, pembeni mwa kiraka?"

"Ndiyo."

Yule bwana akasogea karibu. "Hata langu linayo. Niliiona nilipolinunua, nikadhani nimeuziwa kitu kibovu. Nikapaka rangi nzito juu, kiraka na alama pamoja. Injini yangu haijafunguliwa, kwa hiyo wakaguzi humulika nje tu na kupita, na mimi kila wakija na tochi zao najificha, mama. Nimeishi na gari hili kama mwizi, na kumbe ni halali." Akamgeukia fundi, aliyekuwa amesimama kando ya gari la mama. "Una kitambaa na tina ya kuyeyushia rangi? Nenda ukanifutie ile rangi. Lakini tafadhali, tupa iache hapa hapa."

Mfano wangu umeishia hapo.

Mnataka kujua kama gari la mama lilihamishwa mbele? Halikuhamishwa. Mkaguzi hakubadilisha alichoandika. Chuma kilichosuguliwa hakirudi. Lilipita mjini likiwa la mwisho, na mama ndani yake, amenyoosha shingo, na wazee waliokuwa watoto wakati ule wakasimama barabarani wakiita, "Tope! Tope!"

Sasa tuje kwetu sisi. Mko kimya, na nafurahi mko kimya, maana najua hapa ndani kuna tupa nyingi.

Hakuna kati yetu aliyemwagwa bila tundu. Sisemi hivi kumtukana mtu. Aliyetuumba anajua matundu yetu kuliko Watu anavyoyajua, na hakututupa. Alituvalisha mahali palipokuwa wazi, akatupitisha kwenye maji, akatupitisha kwenye moto, akagonga alama yake pale pale tulipokuwa tunavuja. Halafu sisi tunafanya nini? Tunaona aibu na pale pale alipotia sahihi.

Wewe baba uliyekuwa unalala mtaroni, na leo ni mzee wa kanisa, kijana akija na harufu mdomoni unamtazama kama umezaliwa umevaa tai. Umepiga tupa. Nyinyi mume na mke mliokaa vyumba viwili tofauti mwaka mzima mpaka Mungu akawarudisha meza moja, wachumba wakija kuuliza mnawaambia, "Sisi hatujawahi kugombana." Mmepiga tupa. Wewe mama uliyechanganyikiwa baada ya kujifungua, ukapelekwa hospitali ukapona, na leo binti wa jirani anakaa gizani na kichanga chake akidhani ni yeye peke yake duniani, na wewe unampelekea uji na hunong'oni hata neno moja. Mwanangu, amani ya yule binti iko chini ya rangi yako.

Na hatufuti zetu tu. Tunafuta na za wenzetu, tena kwa mapenzi, kama mama yule. Tunaona kovu kwa mtu wetu, tunaamua wenyewe maana yake, na kuuliza tunaogopa kwa sababu tunadhani kuuliza ni kutangaza. Laiti angepiga simu moja tu!

Leo, kwenye benchi mojawapo humu, kuna mtu anavuja. Simjui ni nani na simtafuti. Amekuja anatutazama, anatafuta ubavu mmoja wenye alama, ili ajue kwamba wenye matundu hawatupwi. Anaona chuma laini kila upande, kinang'aa. Ataondoka akisema hii nyumba ni ya wale waliotoka wazima.

Kwaya, naomba msiimbe kwanza. Tukae hivi hivi kidogo, kila mtu apapase ubavu wake mwenyewe. Ukikuta palipozibwa, usishtuke. Na ukikuta alama, mshukuru aliyeigonga, kisha umwonyeshe aliyekaa karibu nawe.